Kiondo cha Mbula Chashtakiwa

Jumanne saa nne asubuhi Mbula alikuwa anapepeta ndengu mbele ya nyumba yake, Kyuso, barua ya wakili ikafika. Kampuni ya kuponda mawe ilikuwa imemshtaki kwa kuichafulia jina. Alikuwa amesema kanisani, baada ya matangazo, kwamba vumbi lao limefanya maji ya kisima kuwa meupe hadi mbuzi wanayakataa. Ayarudishe maneno yake yote ndani ya siku saba, la sivyo shamba lake litauzwa alipe fidia.

"Yote?" aliuliza.

"Imeandikwa yote," alisema Halima, jirani yake mwenye duka la leso. "Na wewe huwa huongei kidogo."

Mbula alichukua kiondo, akaanza kuyakusanya nyumba kwa nyumba. Maneno yalipatikana bila shida. Mengine yalikuwa juu ya kabati, mengine chini ya kuku anayeatamia. Kwa Halima, neno "meupe" lilitoka kwa kopo la sukari likiwa na sisimizi.

Shida ilikuwa heshima. Kyuso ukiletewa kitu kwa sahani, huirudishi sahani tupu. Kwa hivyo kila mtu alirudisha neno la Mbula, akaongeza lake. Kanini aliweka kikohozi cha mtoto wake. Mutie aliweka mlio wa punda wake siku ile baruti ya kampuni ililipuka.

"Nimekuwekea na ukuta wangu ulivyopasuka," Halima alisema. "Usishukuru, ni kidogo tu."

Siku ya saba kiondo kilibebwa na mkokoteni hadi mahakamani. Karani Kisilu alitaka hesabu.

"Yangu ni kumi na tisa," Mbula alisema. "Hayo mengine ni adabu ya watu."

Wakili wa kampuni alikifungua kuhakikisha. Maneno yalitoka moja moja, kila moja na sauti ya mwenyewe, mpaka saa ya chakula. Punda wa Mutie aliombwa apunguze sauti. Halima, aliyekaa nyuma, alirekebisha mahali habari ya ukuta wake ilipokatizwa.

Wakili alisema maneno yamerudi yakiwa mengi kuliko yalivyotoka, na kwamba sasa kiondo nacho kimemchafulia mteja wake jina. Kesi ikaahirishwa hadi Machi. Mshtakiwa wa kwanza, Mbula. Wa pili, kiondo.

Wiki iliyofuata Kisilu alileta hati ya kukiita kiondo mahakamani. Nyumba ya Mbula ilikuwa imejaa wageni, wengine wametoka mbali, mpaka Sultan Hamud, na maneno yao kwenye mifuko. Ng'ambo ya mto mashine ilikuwa inaponda mawe kama kawaida. Kisilu aliweka hati juu ya kiondo, akapewa kiti na chai.

"Maziwa yenu ni mazito," alisema.

"Sijaweka maziwa, mwanangu," Mbula alisema.

Kisilu aliangalia kikombe. Akainama, akafunua kiondo kidogo, akatia neno lake, akafunika.