Firinda ya Gentrix

Kule Musanda, kuku akichinjwa kwa Mzee Wandera, firinda, ile firigisi, ni ya mzee. Hakuna anayeuliza. Lakini Jumapili hiyo binti yake Gentrix alikuwa amestaafu jeshini na kurudi nyumbani, goti limeumia Somalia, na mdogo wake Awinja, aliyekuwa jikoni, akaona firinda ina mwenyewe mwingine. Akaificha chini ya paja kwenye bakuli la dada yake, akaandaa meza.

Mzee akakoroga mchuzi wake. Akakoroga tena.

"Awinja, kuku huyu alizaliwa bila firinda?"

"Iko kwa Gentrix, baba. Yeye ndiye askari wa boma hili."

Baba mdogo Shikanga akaacha kutafuna. "Siku hizi wanawake wanakulanga firinda?"

Gentrix akamsogezea baba yake bakuli. "Chukua, baba. Mimi nilishazoea maharagwe ya jeshi."

Mzee akakunja uso. "Awinja, umeniharibia. Tangu asubuhi nimepanga nisimame mbele ya huyu Shikanga, nimpe dada yako firinda hiyo kwa mkono wangu mwenyewe. Hotuba ninayo. Sasa nitasema nini?"

Awinja akafunika mdomo asicheke. Akaihamishia firinda kwenye bakuli la mzee, akaketi kama mtu asiyejua lolote.

Mzee Wandera akakohoa, akasimama.

"Kuku huyu," akaanza, "ana firinda."