Magazeti Yaliyokatwa Sura

Polisi gani huyu, mwenye nafasi ya kukaa gereji mchana kutwa akitazama rangi ikikauka? Swali hilo lilikuwa likimkereketa Nashon Ochola tangu Sajini Ongom alipoingia gereji yao ya kupaka magari rangi, kule chini ya mtaa wa Bugolobi, akiwa amekumbatia roketi. Ndiyo, roketi: bomba la boksi gumu lililobaki kwenye jora la kitambaa, pua ya mbao, mabawa matatu ya plaiwudi.

"Hii ni ya binti yangu, Adyero," Ongom alisema. "Shule yao iko na maonyesho ya sayansi Jumamosi. Anataka nyeupe, na mikanda mbili nyekundu. Mabawa iwe nyeusi. Wewe si ndiye unapuliza magari ya wakubwa?"

Ulikuwa mwezi wa Agosti 1976, na Wakenya waliokuwa upande ule wa mpaka walikuwa wakichukuliwa na askari mmoja mmoja kama kuku wa sikukuu. Loice, mkewe Nashon, alikuwa amekwishakimbilia Kisumu na watoto. Nashon alibaki kwa ajili ya kazi, na kila wiki alijiambia ataondoka wiki ijayo. Sasa polisi anamletea Mkenya kitu chenye umbo la bomu na kumwachia mkononi! Kesho wangekuja wengine, wamkute nacho, na Loice angekuwa mjane asiye hata na kaburi la kulilia.

Lakini afande hakataliwi. Nashon alipiga moyo konde, akapiga rangi ya chini ya kijivu, akasugua kwa msasa na maji. Siku ya pili akapuliza nyeupe, mara tatu, nyepesi nyepesi, akiiacha kila moja ishike, kwa maana rangi ya laka ikirundikwa mara moja hukunjamana. Siku zote mbili Ongom alikuja saa sita, akavuta pipa, akaketi. Aliuliza mengi. Mke yuko wapi? Nyumbani huwa unakwenda kwa njia gani? Nashon alijitia hamnazo, akazungumzia thina ya kuzimulia rangi.

Siku ya tatu, Jumatano, ilikuwa ya mikanda. Alizungusha tepu ya karatasi juu na chini ya kila mkanda, akabana kingo kwa ukucha rangi isipenye, kisha akavuta magazeti ya kufunika sehemu nyeupe. Hapo Ongom akanyanyua gazeti moja kutoka kwenye rundo, akalielekeza kwenye mwanga. Akanyanyua la pili. La tatu.

"Fundi, hizi gazeti ziko na tundu."

Magazeti yote ya nchi ile yalikuwa na picha ya Mkuu, rais mwenyewe, kwenye ukurasa wa mbele. Nani angethubutu kuipulizia sura ile rangi nyekundu? Basi kwa miaka mitatu Nashon alikuwa na mazoea yake: kabla ya kufunika gari, anakata ile picha kwa mkasi, taratibu, na kuiweka kwenye debe la rangi lenye kifuniko. Kuzichoma aliogopa, kuzitupa jalalani aliogopa zaidi. Ndipo alipoona wazi kuwa uangalifu wake wote ulikuwa umemjazia debe zima la vichwa vilivyokatwa.

"Panya, afande," alisema.

"Panya anakata mraba?"

Ongom alitazama mlangoni, akatazama nyuma ya gari lililokuwa juu ya mawe, kisha akainama hadi Nashon akasikia harufu ya tumbaku yake.

"Sikia. Hata kwangu iko hivi. Sisi tunatumia gazeti chooni. Mke wangu, Filda, anakata sura kwanza. Anaweka chini ya godoro. Sasa tunalala juu yake, sisi wote." Akacheka kidogo, cheko la mtu aliyekuwa na kiu ya kucheka. "Wewe pia, eh?"

Lo! Nashon alitamani kucheka naye mpaka mbavu ziume. Hakuwa amewahi kutamani kitu namna ile. Lakini mtego mzuri si ndio hufanana hivyo hivyo? Akunjue uso akubali, na keshokutwa aelee ziwani upande wa Port Bell.

"Mimi sielewi unasema nini, afande," akasema kwa sauti kubwa, makusudi. "Sisi hapa tunampenda Mkuu."

Cheko likamtoka Ongom usoni. Alisimama, akafunga kifungo cha shati ambacho kilikuwa kimefungwa tayari, akasema atarudi kesho kuchukua. Alitoka bila kungoja nyekundu ipulizwe.

Kesho yake Nashon alibandua tepu wakati rangi bado haijakakamaa, na mistari ikatoka imenyooka. Akapuliza mabawa rangi nyeusi, akamalizia na laka ya kung'arisha. Siku nzima alingoja gari la kumchukua. Halikuja. Ongom naye hakuja. Ijumaa, Nashon alianza kumwaza upya yule mtu: jinsi alivyochungulia mlangoni kabla ya kusema. Mtego hauchungulii mlango. Aibu ikamshika. Maonyesho yalikuwa kesho. Aliamua ampelekee mwenyewe, na amwambie sikioni, mimi pia hukata.

Kwenye nyumba za polisi, mlango wa Ongom ulikuwa wazi. Ndani mlikuwa na jiko lenye majivu, sufuria ya ugali uliokauka, na daftari la shule sakafuni. Hakuna kitanda wala mtu. Jirani, mwanamke aitwaye Joska, alikuwa akianika nguo.

"Wameenda tangu Jumatano jioni," alisema. "Hawakuaga. Mtoto alikuwa analia, anataka roketi yake, na baba anamwambia kule haturudi, yule fundi wa rangi ni mtu wa Mkuu." Ndipo alipoona alichoshika Nashon. Akashusha mikono. "Wewe ndiye yule fundi wa rangi?"

"Ndiye mimi, mama. Nataka tu—"

Joska alipiga magoti pale pale kwenye matope, kanga aliyokuwa akianika ikimponyoka mkononi.

"Mzee, nakuomba. Mimi sijui kitu. Sikuwahi kuongea na wao. Niko na watoto wanne, mzee."

Nashon alimsihi ainuke. Kila alivyomsogelea, mwanamke yule alizidi kulia.