Rangi ya Mwisho Ni Maji

…na bukari haiachwi katikati, ukiiacha inashika mabonge na Bertin atasema tena hii ni chakula ya wafungwa, basi ninasonga, mguu mmoja umebana mbabula ya makaa isitembee, moshi machoni, na Mama Huguette anaita mara ya pili kutoka upande ule wa ukuta, Mama Elie, uko unasikia?, ninasikia, Mama, ninasonga, sema tu, na yeye anasema, ile gari ya Papa Valère, ile bwana yako anapaka rangi ya kuwaka, iko ndani ya maji, kule mdomo wa Lukuga, pale wanaoshea magari, iko chini kabisa, Mama Elie, na inawaka… nani anaendesha?, ninauliza, sauti yangu ya kawaida, sauti ya kuuliza bei ya visamaki vya ndagala, na yeye, hatujui, vioo ni vyeusi, Papa Bertin iko?, anaoga, ninasema, na ni kweli, ninamsikia nyuma ya mabati akijimiminia maji kwa kopo, anaimba wimbo wa kanisa bila maneno, mm mm mm, hajui kitu, na mimi ninaongeza unga kidogo kwa sababu bukari imelegea… haiwezi kuwaka, huyu mwanamke anasema uongo au macho yake yamechoka, gari ile haijamalizika, mimi si mjinga, nilimaliza koleji, mwalimu wa fizikia alituchora njia ya umeme ubaoni, ikikatika mahali pamoja hakuna kitu, na Bertin amenieleza kazi yake usiku hata akaninyima usingizi, kwanza rangi inayobeba umeme, juu yake nyeupe inayouzuia, juu yake ile ya ungaunga iliyotoka Dubai kupitia Kigoma, ndiyo inayowaka, na juu kabisa ile ya mwisho, nyembamba, huioni hata ukiitafuta, bila hiyo njia haijafungwa, gari ni ya kijivu tu kama gari ya marehemu, na ya mwisho haijapakwa, inangoja jua, mvua imekatalia juu ya milima, basi haiwezi kuwaka, Huguette ameona taa za mbele, ameona mwezi, ingawa mwezi hakuna… isipokuwa Elie, Jumapili, alinivuta kwa kitenge mpaka garaje, Mama njoo uone maajabu, akawasha kale kasanduku ka umeme kanakolia kama mbu ndani ya sikio, akalamba kidole chake, akakipitisha juu ya mlango wa gari, na pale palipolowa pakawaka, buluu, buluu isiyo ya mbinguni wala ya ziwani, akachora samaki kwa mate, samaki akawaka, akakauka, akazimika, na mimi nikasema utapigwa na umeme wewe, akacheka, Mama, mate yanafanya kazi ya rangi ya mwisho, ona, maji yanatosha… maji yanatosha. Ninasonga. Mkono unasonga wenyewe. Maji yanatosha, na jana tukila sombe aliniambia atapeleka gari Lukuga kuiosha, vijana wote wanaingiza magari mpaka magurudumu yafunikwe, atawasha kasanduku, atawaonyesha, nikamwambia muulize papa yako, akasema ndiyo Mama, ile ndiyo yake ya kunifunga mdomo, na pale mchanga una mwisho, baba yangu alivua pale, alisema unatembea maji ya goti, hatua inayofuata ni shimo… na pirogi?, ninauliza ukuta, wavuvi hawako?, na Huguette, wako, wengi, wale wa upande wa Fizi, tangu jua linazama wanaona ule mwangaza na wanazunguka mbali, wanasema ni taa ya wenzao, eti hawawezi kuingilia samaki ya watu, mpaka mutoto mmoja ameogelea akakuta ni gari, na hapo anacheka kidogo, kicheko cha mtu asiyejua afanye nini na mdomo wake… ndiyo, ndivyo walivyofunzwa, ndivyo baba alivyotufunza na sisi, aliyewasha taa ndiye mwenye samaki waliokusanyika chini yake, huendi kupiga kasia kwenye mwangaza wa mwingine hata kama watoto wako hawajala, unampa nafasi, ni heshima, basi walimpa nafasi, wote, wakapita mbali kwa adabu na nyavu zao, na chini pale buluu ikiwaka… narudi kule, anasema Huguette, nitakuletea habari, viatu vyake vinakwenda, na mimi nimwite Bertin, inatosha kusema jina lake, atatoka na sabuni masikioni, atakimbia, lakini nikisema itakuwa kweli, sasa hivi bado ni maneno ya ukutani, na bukari imeiva, imeanza kunukia, niigeuze kwanza kwenye sahani, mara moja tu, nitamwita, ninamwita sasa, Ber… Mama, nina njaa. Mlangoni. Elie. Anasimama pale pa kila siku, bega kwenye nguzo, amelowa mpaka nywele, maji yanamdondoka kwenye sakafu niliyopangusa mchana, na ninasema, umetoka wapi na uchafu huo, kwa sababu ndivyo ninavyosema, naye anasema, kule tu, na mimi, gari?, na yeye, imebaki, kaa basi, ninasema, kaa, dada zako wamekaa, na Claudine anasogea bila kumtazama, amekunja uso, anasema kuna baridi, nani ameacha mlango, na Précieuse anavuta miguu yake chini ya gauni… amefika, Mungu wangu, amefika, aliruka, alifungua mlango akaogelea, baba yangu alimfunza kabla hajajua kusoma, Huguette na mdomo wake, nitamwambia kesho, ulitaka kuniua, Mama… Bertin anaingia na taulo shingoni, anakaa, anasema leo imekuwa laini, na hapo umeme unakatika, mtaa mzima unasema aah kwa pamoja kama kila jioni, giza, na hakuna anayetafuta mshumaa kwa sababu kuna mwangaza. Kidogo. Mikono ya Elie juu ya magoti. Chini ya kucha, kwenye mistari ya viganja, mahali rangi inapoingia na haitoki hata kwa petroli, buluu. Ile. Na kasanduku hakapo, na betri haipo, na mwalimu alisema njia ikikatika hakuna kitu, na ninasikia mbu ndani ya sikio, ninajua hakuna mbu. Bertin anaitazama ile mikono. Ameichanganya rangi ile yeye mwenyewe, anaijua kuliko anavyonijua mimi. Ananitazama. Ninatikisa kichwa, usiseme, usiulize, mutoto ana njaa. Taulo linamwanguka, haliokoti. Mama Elie, inasema sauti ukutani, Huguette amerudi, hapazi sauti sasa, anaongea polepole, ile sauti nimeisikia kwenye milango ya waliofiwa, na nyuma yake kuna miguu ya watu wengi waliosimama, Mama Elie, wamefungua mlango wa gari, toka kidogo… ngojeni, ninasema, tunakula, na ninakata bukari kwa uzi uliolowa maji, sehemu kubwa ya Bertin, ya Claudine, ya Précieuse ndogo, ya Elie nimeweka ndagala za juu zilizokauka vizuri, anavyozipenda, ninamwekea sahani mbele na vidole vyangu vinapita karibu na vyake, baridi kama chini ya ziwa, siuvuti mkono wangu nyuma, na ninahesabu kama kila jioni, kwa kidevu, bila kutamka, Bertin, Claudine, Précieuse, Elie, na mimi. Wote wapo. Kuleni.