Wilf, Nenda Chooni!

Jumamosi ile Wilf Ormerod alinyoa ndevu mara mbili, akajifunga skafu ya manjano na nyeusi ya timu yake ya mpira, Ackenshaw, kisha akafanya jambo ambalo mkewe Doreen hakuwahi kuliona tangu waoane. Alikataa chai.

"Hunywi chai? Wewe?" Doreen alibaki na birika mkononi. "Unaumwa?"

"Leo sinywi kitu. Leo nikikaa kwenye kile kiti sibanduki mpaka nilione goli."

"Na huyo rafiki yako Derek akikutuma?"

"Derek akithubutu kunituma leo, atanitambua."

Usimcheke mzee wa watu. Ili uijue hasira yake, turudi kwanza enzi zile watu walipotazama mpira wamesimama kwenye ngazi za saruji, wamebanana hivi kwamba ukiinua mkono kujikuna unamkuna mwenzio. Pai ya nyama inakuunguza ulimi, mvua inakulowesha mpaka soksi, timu inafungwa, na Jumamosi inayofuata umerudi tena, mwenyewe, kwa hiari yako! Wilf na Derek Haslam walifanya kazi kiwanda kimoja cha pamba na walisimama mahali pale pale kila wiki, nyuma ya goli, kwenye chuma cha kuegemea. Chini kabisa, hatua chache tu kutoka kwenye nyavu, kulikuwa na choo cha wanaume. Nacho choo gani! Ukuta uliopakwa lami, mfereji, na mbingu juu.

Siku moja bia ilimbana Wilf, akaenda. Huku nyuma, Ackenshaw wakafunga goli. Wiki iliyofuata ikambana tena, akaenda, goli. Ya tatu akajikaza mpaka filimbi ya mwisho, na Ackenshaw wakafungwa nyumbani kwao. Derek akamgeukia, macho yamemtoka.

"Ni wewe! Ukiwepo hapa mpira hauingii. Ukienda chooni unaingia."

"Acha upuuzi wako, Derek."

"Haya, wiki ijayo nenda tuone."

Akaenda. Likaingia. Basi, tangu siku hiyo Wilf hakuwa na amani tena. Mambo yakiwa magumu, jukwaa zima linaanza kuimba: "Wilf, nenda chooni! Wilf, nenda chooni!" Watu asiowajua hata kwa sura wakawa wanamnunulia bia ili imsaidie. Magoli yote ya maana ya miaka ile aliyashangilia akiwa peke yake, uso kwa uso na lami.

Halafu ikaja ile mechi ya Kombe. Ackenshaw, timu ya daraja la nne, na timu kubwa kutoka London yenye wachezaji wa taifa. Televisheni hazikuja, maana kila mtu alijua sisi ni wa kupigwa tu. Lakini dakika zikayoyoma, bado sare ya bila kufungana, na mwisho mwisho Ackenshaw wakapata kona.

Derek akamtazama rafiki yake. "Wilf."

"Siendi."

"Wilf, nakuomba."

"Siendi, nimesema! Mimi nami nina macho! Leo nataka kuona kama watu wengine!"

Enzi hizo mtoto mdogo au mtu aliyezimia alipitishwa juu ya vichwa, mkono kwa mkono, mpaka chini kwenye uzio. Siku ile wakampitisha Wilf, fundi mitambo mzima wa kiwandani, mwenye pai mkononi. Derek ndiye aliyemwinua. Wilf alirusha mateke, akatukana, akapoteza kofia na kiatu kimoja, wakamtua mlangoni mwa choo. Hata hajageuka vizuri, mji mzima ukalipuka. Barney Tattersall, mshambuliaji wetu, kwa kichwa. Moja bila!

Goli hilo Derek hakuacha kulisimulia maisha yake yote. Alilisimulia baa, alilisimulia msibani, alilisimulia kwenye harusi ya binti yake Wilf wakati bwana harusi anasubiri kusema neno. "Barney aliruka, akaganda hewani, akamkonyeza kipa wao, ndipo akaupiga!" Na kila mwaka Barney aliruka juu zaidi. Wilf akiulizwa, anajibu, "Nilikuwepo," halafu anainamia glasi yake. Ilimuuma, jamani. Ilimuuma kweli.

Ndiyo maana habari ilipokuja kwamba mwenye bucha wa zamani amefariki, na kwamba wanawe wamekuta darini mkanda wa picha alioupiga siku ile ya Kombe kwa kamera yake ndogo, Wilf hakulala vizuri wiki nzima.

Jumamosi ile ya kuonyeshwa mkanda, chumba cha mashabiki kilijaa wazee. Waligawiwa pai, taa zikazimwa. Mkanda haukuwa na sauti. Wilf aliketi mstari wa mbele, na Derek kando yake alikuwa anajichekea.

"Sasa utaona nilichokuwa nakuambia."

"Nyamaza, niache nitazame."

Wakaonekana wachezaji wenye nywele ndefu na bukta fupi. Ikaonekana ile kona, mpira unatengwa kwenye tope. Wilf akashika kiti kwa mikono miwili. Hapo hapo wazo likamjia, wazo la kijinga, naye alijua ni la kijinga: mimi nimekaa hapa. Je, usipoingia? Goli lilikwishaingia zamani, wachezaji wenyewe wamekwisha kuwa mababu, lakini miguu ikasimama yenyewe.

"Wilf! Unakwenda wapi?"

"Huwezi kujua, Derek," Wilf alisema, akatoka mbio.

Akasimama chooni, mbele ya vigae vyeupe, ametega sikio. Kimya. Akangoja. Kimya kikazidi. Mungu wangu, akawaza, jasho likimtoka, leo halijaingia! Ghafla ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Mlango ukafunguliwa, Derek akaingia, uso mwekundu mpaka masikioni.

"Limeingia?" Wilf akamuuliza.

"Halimo."

"Halimo vipi?"

"Mwenye bucha alikuwa anakupiga picha wewe. Tangu kona mpaka mwisho ni wewe, miguu juu, pai mkononi. Watu wote wanakucheka wewe."

"Na wewe humo unafanya nini?"

Derek akafungua bomba, akanawa mikono isiyokuwa na uchafu, akalifunga. "Mimi nimeshika kiatu chako. Uwanja nimeupa mgongo."

"Kwa hiyo kule kukonyeza..."

"Nilipogeuka mpira ulikuwa nyavuni. Sikuona kitu, Wilf. Upande wetu wote hatukuona kitu. Tulikuwa tunakutazama wewe."

Wilf alitaka kumtandika. Alikuwa na haki, na ngumi aliikunja. Lakini alipomtazama mzee mwenzake, ameinamisha kichwa kama mwanafunzi aliyekamatwa, kicheko kikamtoka tumboni mpaka akashika ukuta. Alicheka, akafuta machozi kwa skafu, akacheka tena.

"Ndiyo maana mlichelewa," alisema alipopata pumzi.

"Tulichelewa nini?"

"Kupiga kelele. Miaka yote nimejiuliza. Mpira uligonga mwamba kwanza, Derek. Nilikuwa pale pale nyuma ya nyavu, nikausikia, ngo! Halafu ukaingia. Kipa wao akasema neno ambalo hata Doreen sijamwambia. Barney akamwambia, 'Pole, bwana mkubwa.' Nyinyi bado mnacheka huko juu. Ndipo mkalipuka."

Derek aliinua kichwa polepole. "Uligonga mwamba?"

"Ngo."

"Na Barney akasema pole?"

"Kwa sauti ya upole kabisa."

Ukumbini walikuwa wanaurudisha mkanda wamtazame Wilf tena. Derek akaufunga mlango, akaegemea vigae kando ya rafiki yake.

"Anzia kwenye kona," akasema. "Na usiruke kitu."