Mla Mwezi

Saa ililetwa ndani ya soksi nyeusi ya kiume. Mwanamke aliyeileta aliilaza soksi juu ya meza yangu taratibu, kama mtu anayelaza mtoto mgonjwa, kisha akabaki amesimama ingawa nilimsogezea kiti.

"Fundi," alisema, "nimeambiwa wewe ndiye mtoto wa Mla..." Akajiuma ulimi. "Wa yule mzee."

"Malizia tu, dada. Mla Mwezi. Nimelizoea."

Nilidanganya. Sijalizoea. Jina hilo limeniachia kovu juu ya jicho la kushoto, na limemwachia pengo la jino jirani yangu fundi viatu. Watu huniambia hasira hasara. Mimi hasira ndiyo iliyonilea. Baba alipofungwa nilikuwa na miaka kumi na minne, na sikuwa na mlezi mwingine aliyeamka mapema kama hiyo hasira.

Mwanamke akavuta pumzi. "Aliyemshtaki baba yako ni baba yangu. Tumemzika mwezi uliopita. Hii ndiyo saa yenyewe."

Sikuigusa. Nilitazama pazia lililogawa chumba nyuma yangu. Upande huu kulikuwa na meza yangu, taa na makabati ya vifaa. Upande ule tuliishi, mimi na baba. Nilijua ameketi kwenye kiti chake chini ya saa ya ukutani, mtoto wa jicho amemfunika macho yote mawili, mikono ikimtetemeka magotini. Nilijua pia kwamba amesikia, kwa sababu alikuwa ameacha kukohoa.

Kisa chenyewe kila mtu mtaani anakijua. Miaka kumi na moja nyuma, baba alikuwa fundi mkuu wa duka kubwa la saa, mwenye wanafunzi sita. Tajiri mmoja akaleta saa yake isafishwe: saa ya dhahabu, nyembamba, ya kuvalia suti, yenye kidirisha chini ya uso ambamo mwezi huchomoza, hujaa na kuzama sawasawa na ule wa mbinguni. Baadaye mtathmini mmoja mwenye tai akasema diski ya mwezi ule si ya kiwandani. Ya kiwandani ni dhahabu tupu. Hii ni shaba iliyopakwa. Ya dhahabu iko wapi? Baba akaapa mbele ya hakimu kwamba hakuugusa mwezi. Polisi walipekua nyumba yetu hadi ndani ya magodoro, wasipate kitu. Akafungwa miaka mitatu. Mama alimngoja miwili, wa tatu akafa, na siku ya kumzika kuna mtu nyuma ya umati aliyenong'ona, "Ndiye mke wa Mla Mwezi."

"Kuna mnunuzi anataka cheti cha tathmini," mwanamke aliendelea. "Ndugu zangu wamekataa nisije kwako. Wanasema utaiharibu kwa chuki."

"Na wewe?"

"Mimi nasema mtu mwenye hasira huangalia vizuri." Sasa akaketi. "Baba kabla hajafa aliniambia, labda yule fundi nilimwonea. Alisema mara mbili. Tangu siku hiyo silali. Iangalie, kaka. Kama mwezi ni wa kiwandani, niambie. Niko tayari kupiga magoti nyuma ya pazia hilo."

Miaka yote nilikuwa nimemwamini baba kwa nguvu tu, kama mtu anayesukuma mlango uliofungwa. Sasa mlango wenyewe ulikuwa umekuja kwangu ndani ya soksi.

Nilinawa mikono, nikatandika kitambaa cheupe, nikavaa lenzi jichoni. Kasha la saa lilikuwa la dhahabu, jembamba kama biskuti, pembe zake bado kali: halijawahi kupigwa msasa na mjinga. Uso ulikuwa mweupe wa maziwa, bila ufa. Mishale ilichongwa kama majani membamba. Kila nilichokiona nilikitaja kwa sauti, naye akaandika kwenye daftari langu.

Nilipofika kwenye mwezi, vidole vilifanya vyenyewe vilichofundishwa. Nilizungusha mshale wa saa hadi ukaelekea chini, kwenye sita. Baba alitufundisha kwa mishororo miwili na makofi mengi:

*Mshale tisa kipita, mwezi ni mwiko kugusa;
teremsha hadi sita, ndipo upate ruhusa.*

Saa ikikaribia usiku wa manane, kuna kidole cha chuma ndani kinachojiandaa kuusogeza mwezi hatua moja. Ukiubonyeza kwa kijiti wakati huo, kidole na diski hupigana, na meno ya diski ndiyo huvunjika. Na uso wa saa haukuambii kama mshale ulio kwenye namba kumi ni wa saa nne ya asubuhi au ya usiku. Kwa hiyo hupimi kwa macho wala kwa uzoefu. Unateremsha, basi. Mwanafunzi aliyesahau, baba alimpokonya lenzi na kumrudisha kwao. Hata mjomba wangu alirudishwa.

Niligeuza saa, nikafungua mfuniko wa nyuma. Upande wa ndani wa mfuniko ndipo mafundi huacha alama, michirizo midogo ya sindano, kila mmoja yake, na tarehe. Kulikuwa na alama za watu nisiowajua, na chini yake ya baba, ndege wa mistari mitatu. Alama mbili. Nilitazama tarehe. Mara mbili za kwanza alizoisafisha alitia ndege wake. Mara ya tatu, ile ya kesi, palikuwa patupu.

Baba hakuwahi kuacha kazi bila alama. Hata saa ya mezani ya bei ya karanga aliitia ndege.

"Vipi?" mwanamke aliuliza.

"Bado."

Niling'oa mishale, nikatoa uso, na diski ikabaki wazi chini ya taa: duara la buluu iliyokolea, miezi miwili, nyota zimetawanyika. Nilihesabu meno. Hamsini na tisa, idadi ileile ya kiwandani. Nikahesabu tena, hamsini na tisa, na kwa pumzi moja nilikaribia kupiga kelele. Kisha nikasogeza taa. Kwenye ubavu wa kila jino palikuwa na mikwaruzo miembamba ya tupa. Mashine ya kiwanda haipigi tupa. Meno yale yalikatwa kwa mkono, moja baada ya jingine, na hakuna hata moja lililozidi mwenzake kwa unene wa unywele.

Nikatazama nyota. Kila nyota ilikuwa na kimkia kidogo kilichovutwa kushoto.

Nilizifahamu nyota zile tangu sijajua kusoma. Zilikuwa nyumbani kwetu, kwenye uso wa saa ya ukutani ambayo baba alimpakia mama rangi kwa mkono wake wa kushoto. Nimekula chini yake maisha yangu yote.

Pembeni ya diski, kile kidole cha chuma kilikuwa kimepinda zamani na kunyooshwa kwa uangalifu mkubwa.

Nilivua lenzi. "Dada, nipe dakika chache."

Nyuma ya pazia, baba alikuwa ameinua uso, kidevu mbele, kama mkulima anayesubiri mvua.

"Ni yenyewe," alisema. "Nimeisikia inavyotembea."

"Mshale ulikuwa wapi, baba?"

Akaanza kukohoa.

"Siku ile ulipousukuma mwezi. Mshale ulikuwa wapi?"

Aliibana mikono katikati ya magoti. "Kwenye kumi," alisema mwishowe. "Nilidhani ya asubuhi."

"Ulidhani!"

"Punguza sauti."

"Sipunguzi! Wewe uliyemfukuza mjomba, ulidhani?"

"Wanafunzi wote sita walikuwa wamenizunguka. Nilitaka waone jinsi bwana mkubwa anavyoutuliza mwezi kwa bonyezo moja, bila kubahatisha kama wao. Nikasikia *tik*. Wao hawakusikia. Mimi niliisikia mpaka kwenye meno yangu." Alilamba midomo. "Nikawaambia waende wakale. Nilikaa siku tisa kutengeneza nyingine."

"Na ile ya dhahabu?"

Aliinua kidole bila kugeuka, akaonyesha juu ya kichwa chake.

Niliishusha saa ya mama ukutani. Nilifungua skrubu nne. Nyuma ya uso wenye nyota, imefungwa kwa kipande cha kitambaa, ilikuwa diski ya dhahabu iliyopungukiwa meno mawili.

"Polisi walikuwa humu," nilisema. "Mama alikuwa humu. Ungeitoa hii ungetoka siku hiyohiyo. Mtu hafungwi kwa kuvunja."

"Ningetoka niende wapi? Nani angempa kazi fundi aliyeubonyeza mwezi wakati wa mwiko? Mwizi ni mwizi, mwanangu, lakini hata mwizi husemwa: mikono anayo. Gerezani waliniheshimu. Askari waliniletea saa zao."

"Mama je?"

Badala yake baba aliuliza kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, sauti ya mtu anayeomba maji:

"Umeitazama vizuri? Kazi yangu. Ikoje?"

Nilitaka kumwambia ni takataka. Neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. "Sijaona meno kama yale," nilisema, na machozi ya hasira yakanitoka, kwa sababu ulikuwa ukweli.

Akatikisa kichwa polepole, ameridhika. Kisha akanishika kifundo cha mkono. "Basi andika kwamba niliiba. Wamezoea. Hii ya kwenye kitambaa itupe chooni. Wewe ni fundi, unanielewa. Andika mwizi."

"Niache mkono, baba."

"Nakuomba kama mzee wako."

"Miaka kumi na moja napigana na watu kwa ajili yako. Niache mkono."

Nilirudi mezani, nikaiweka diski ya dhahabu kwenye kitambaa cheupe kando ya saa. Mwanamke aliitazama, akahesabu kwa macho, akaona pengo.

"Kwa hiyo hakuiba?"

"Hakuiba."

"Basi tulimwonea." Alianza kuinuka kuelekea pazia.

"Kaa, dada. Usimpigie mtu magoti leo."

Nilichukua karatasi ya cheti. Niliandika polepole, na kila nilichoandika nilikisoma kwa sauti, si kwa ajili yake. Kasha, dhahabu, zima. Uso, wa asili, mzima. Mashine, ya asili, inahitaji kusafishwa. "Diski ya mwezi si ya kiwandani. Imekatwa kwa mkono na fundi mkuu ambaye ni baba yangu, meno hamsini na tisa, hakuna lenye kasoro. Ya asili ilivunjwa na fundi huyohuyo kwa kuubonyeza mwezi mshale ukiwa kwenye kumi. Haikuuzwa. Imerudishwa leo kwa mwenyewe."

Nyuma ya pazia kiti kilikwaruza sakafu.

Kabla ya kufunga mfuniko nilichukua sindano, nikaenda kwake na saa mkononi. Nilimwambia atie ndege wake wa tatu, nami nitamshikia mkono. Alikuwa amegeuza kiti, uso ukutani, kwenye alama nyeupe ya duara iliyoachwa na saa ya mama.

"Kazi gani?" alisema. "Mimi sikuugusa mwezi."

Nilifunga mfuniko hivyohivyo. Mwanamke aliondoka na soksi yake, na diski ya dhahabu ameifunga kwenye leso. Aliwasomea ndugu zake cheti, ndugu wakamsomea mnunuzi, na kabla wiki haijaisha mafundi wa mji mzima walikuwa nacho mdomoni. Mmoja wa wale wanafunzi sita, ambaye sasa ana duka lake, alikuja na kilo ya sukari, akakaa, akasema, "Pole, Mzee. Hata sisi hututokea." Alipotoka nilimwona anacheka na fundi viatu mlangoni, si kwa ubaya, kicheko cha kumhurumia mtu. Baba alikisikia. Sukari ile hakuionja.

Tangu hapo watu wazima hawamwiti tena Mla Mwezi. Hunisalimia kwa heshima, huniuliza hali ya mzee, na mimi sina wa kupigana naye. Watoto tu ndio hawajapata habari. Hupita mchana wakitoka shule na kuliimba jina lile chini ya ukuta wetu, wakipiga makopo.

Wakikaribia, baba huacha kukohoa. Hunyoosha mkono hewani kunitafuta, na kuniomba nimfungulie dirisha.