Uji Ulioachwa Uungue

Mbuzi anayechagua chakula! Fundi cherehani hakuwahi kuona kituko kama hicho mpaka aliporudi kutoka msibani kwa mama yake, akimvuta huyu kwa kamba. Majani mabichi anayanusa tu. Pumba anazipa kisogo. Mbavu zilikuwa zimeanza kuhesabika.

"Kabla hajatufia, tumuuze," mume wake alisema. "Mchinjaji atapita kesho asubuhi. Na wewe mwenyewe, mke wangu, hujala la maana tangu tumzike mama."

Dada zake fundi waligawana vyombo na nguo za marehemu. Yeye aliomba mbuzi tu, kwa sababu mama alimlea mkononi baada ya mbuzi aliyemzaa kufa. Kumpeleka buchani aliona ni kumzika mama mara ya pili.

Akamwita daktari wa mifugo, ambaye alimkagua macho, meno na tumbo, asione ugonjwa.

"Marehemu alimlisha nini utotoni?"

"Uji, daktari."

"Basi ndio anaoutafuta. Ladha aliyoanza nayo ndiyo anayoijua kuwa chakula. Mpikie uji, kisha umchanganyie majani kidogo kidogo."

"Nimempikia! Laini, hauna hata donge moja. Hakuugusa."

"Basi haukufanana na wa marehemu."

"Niufananishe na wa mama?" Fundi alicheka kwa uchungu. "Mama alikuwa anabandika sufuria, anakwenda kupiga soga na jirani. Kila siku uji unashika chini. Nimemgombeza miaka nenda miaka rudi, mpaka nikamnunulia sufuria nzito..."

Akageuka kumtazama mbuzi.

Jioni alibandika uji, akarudisha mwiko kabatini. Kwa mtu asiyevumilia hata uzi uliopinda, ilikuwa adhabu. Mkono ulimwasha kutaka kukoroga. Alisimama tu, mpaka moshi ukapanda.

"Kuna kitu kinaungua!" mume alipiga kelele sebuleni.

"Kiache kiungue!"

Mbuzi alilia kabla bakuli halijamfikia. Alitumbukiza mdomo mpaka puani, akala, akalamba, akalisukuma bakuli mpaka ukutani.

Fundi akarudi jikoni kuosha sufuria. Alikwangua ukoko, akaonja. Akakwangua tena. Ulikuwa mchungu, unanuka moshi, na ndio uji aliokulia.

Mume alimkuta amekaa sakafuni, sufuria mapajani, machozi yanamtoka na mdomo umejaa. Akanyoosha mkono kuchukua kopo la sukari.

"Mwambie mchinjaji asije," alisema fundi. "Na hiyo sukari iache, utaniharibia."