Mafuta ya Cherehani

Breki za baiskeli ya mume wangu zilikuwa zinalia, na mimi sivumilii chombo kinacholia. Nimekaa kwenye cherehani miaka ishirini na mbili. Chombo kikilia kinaomba mafuta. Unadondosha tone hapa, tone pale, unakizungusha, unapangusa kwa kitambaa ili nguo ya mteja isichafuke, na kinanyamaza. Basi Ijumaa alasiri, yeye akiwa mezani anasahihisha mitihani, nilichukua kichupa changu cha mafuta nikatoka kibarazani kwetu, ghorofa ya tatu, nikaigeuza baiskeli yake miguu juu. Zile sahani mbili nyembamba za chuma ambazo breki huzibana ili baiskeli isimame, moja gurudumu la mbele, moja la nyuma, nilizipaka zote, huku na huku. Nikapangusa vizuri. Nikazungusha gurudumu. Kimya. Nikajiona fundi wa mafundi.

Sikumwambia. Nilitaka agundue mwenyewe jinsi ilivyotulia, aniulize, nami nijishaue kidogo. Kiherehere hakina dawa.

Mume wangu ni mwalimu wa hesabu, na watu wote humwita Mwalimu, hata mimi. Starehe yake ni kushuka milima kwa baiskeli. Mimi alinivuta mwaka juzi, watoto walipokwisha kuhama, akasema la sivyo tutazeeka tunatazamana kama viatu mlangoni. Akaninunulia baiskeli ya mtumba yenye shokapu mbele, akanifundisha kwa subira, na subira yake ndiyo iliyonikera. Mlima anaoupenda uko jangwani. Umekatwa kichwa, juu bapa kama meza. Gari linakupandisha kwa nyuma, nawe unashuka kwa mbele kwenye kijia cha kupita mtu mmoja, kilomita kumi na moja za mawe na mchanga, kulia ukuta wa mwamba, kushoto hakuna kitu. Waendeshaji wanakiita Uzi. Mimi mshonaji nililicheka jina hilo nilipolisikia. Nilipokiona kijia chenyewe niliacha kucheka.

Kila penye ngazi za mawe nilishuka nikasukuma. Mwalimu alinisubiri chini, mguu mmoja ardhini. "Siku moja utapita tu, mama," alikuwa akisema.

"Siku hiyo uniandalie na sanda," nilikuwa nikimjibu.

Jumamosi tulianza saa mbili asubuhi. Gari likatushusha juu likarudi zake. Hapakuwa na watu wengine, maana ulikuwa msimu wa joto na wenye akili zao walibaki nyumbani. Kabla ya Uzi kuna kilomita mbili za tambarare, hazihitaji breki. Mwalimu alizibonyeza mara moja, akageuza shingo.

"Leo zimenyamaza," alisema. "Ila zinateleza kidogo. Labda umande. Zikipata joto zitashika."

Umande, jangwani! Mtu mzima mwenye shahada yake. Nilitabasamu nyuma ya mgongo wake nikisubiri sifa zangu.

Uzi unaanza kwa ngazi tatu za mawe, kila moja inafika gotini, halafu papo hapo kuna kona kali ya kulia. Mwalimu alishuka ngazi ya kwanza na ya pili vizuri, makalio nyuma ya kiti, magoti wazi, kama anavyofundisha. Kwenye ya tatu niliona vidole vyake vimebana breki zote mbili na magurudumu yanaendelea kuzunguka. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Ah-ah," kama mtu aliyekutana na jibu lisilo sahihi, akaenda moja kwa moja mbele, na kijia hakikwenda huko.

Aliangukia kwenye kibaraza cha mwamba, chini kiasi cha kimo cha watu wawili. Nilishuka kwa makalio, suruali ikachanika, sikujali. Alikuwa anapumua. Alikuwa ananitazama. Lakini paja lake la kulia lilikuwa limepinda katikati, mahali pasipo na kiungo, na lilikuwa linavimba mbele ya macho yangu.

"Nimezeeka," alisema, meno yakigongana. "Nimechelewa kushika breki."

Niliinama kumfungua kamba ya helmeti, na hapo ndipo niliposikia harufu. Baiskeli yake ilikuwa imelala ubavuni pake, chuma kimepata jua, na harufu ile naijua kuliko manukato yangu mwenyewe. Mafuta ya cherehani. Nilielewa yote kwa mara moja. Chombo changu kinataka kuteleza, chake kinataka kushika, na mimi nimekaa na mwanamume huyu miaka yote hii bila kujiuliza tofauti hiyo.

Nilifungua kinywa niseme. Nikaona uso wake ulivyokuwa wa majivu, nikakifunga. Nilijiambia si wakati wake, nitamwambia akipona. Ukweli ni kwamba niliogopa. Mimi ninayewapasha wateja mpaka wanalipa na salio la mwaka jana, niliogopa kusema maneno matatu.

Nilifanya kazi badala ya kusema. Nilikata mpira wa ndani wa tairi, ule wa akiba, vipande vinne, nikafunga mguu uliovunjika pamoja na ule mzima. Alipiga yowe nilipokaza fundo la juu. Nikasimamisha baiskeli yake kwenye mwamba, nikatandaza koti langu kutoka usukani mpaka kwenye jiwe, kikapatikana kivuli cha kumtosha kichwa na kifua. Maji yote nilimwachia. Simu zetu zilikuwa hazina mtandao, na mtandao unapatikana getini tu, chini, mwisho wa Uzi.

"Kwa miguu ni mwendo wa saa tatu," nilisema.

"Ni nyingi," alisema. Alitazama paja lake, kisha mbingu. "Endesha."

"Mimi?"

"Macho yakienda, gurudumu linafuata. Usitazame jiwe. Tazama unakotaka kwenda. Na usiachie breki."

"Usiondoke kivulini," nilimwambia. "Hata kidogo. Umesikia, Mwalimu?"

"Nimesikia, mama."

Nikapanda. Nikaifikia baiskeli yangu kijiani, nikaketi kwenye kiti roho mkononi, nikaondoka.

Ngazi za kwanza baada ya pale ni tano. Nilizijua kwa miguu, sikuzijua kwa magurudumu. Nikapeleka makalio nyuma mpaka tairi ikanigusa suruali, kidole kimoja kimoja kwenye breki, nikasema liwalo na liwe. Gurudumu la mbele likadondoka, shokapu ikagonga mwisho wake, nikawa chini. Sikuwa nimekufa. Nikaanza kujisemesha kwa sauti yake kwa sababu yangu ilikuwa inatetemeka. "Pedeli sawasawa, mama. Goti nje, mama." Kijia kikabana mpaka usukani wa kulia ukawa unakwaruza ukuta na vumbi jekundu linaniingia mdomoni. Kushoto niliwaona ndege wakiruka chini yangu. Sikutazama tena kushoto.

Nilikuwa nimepita kona ya nne nilipomsikia akiita.

Ilikuwa sauti yake, huko juu, kubwa, ikigonga kwenye mwamba na kurudi vipande vipande. Maneno hayakufika. Alinyamaza, akaita tena. Mwalimu si mtu wa kelele, hata darasani hapazi sauti. Nikajua maumivu yamemzidi. Nilibana breki nikasimama, nikatazama juu, sikuona chochote ila mwamba na jua. Nifanye nini? Nikirudi atanifia mikononi nikimpepea. Nikiendelea atanifia peke yake akiniita. Nililia hapo kwa sauti, kamasi na vumbi, mwanamke wa miaka hamsini na mbili. Kisha nikaachia breki. Kila niliposikia akiita niliongeza mwendo, nikiimba upuuzi wowote ili nisimsikie.

Mahali pengine sikumbuki. Nakumbuka jiwe moja jeupe, nalo nilikatazwa kulitazama, nikalitazama, nikalipata barabara. Niliruka juu ya usukani nikatua kwa bega na shavu. Usukani ulipinda. Nikabana gurudumu la mbele kwa magoti nikaunyoosha, nikatema damu, nikapanda tena. Nakumbuka korongo la mchanga, tairi zinazama na miguu inawaka. Nakumbuka nikimwambia Mungu achukue cherehani, achukue duka, achukue macho yangu yanayotunga uzi, aniachie Mwalimu. Nikaahidi nitamwambia kuhusu mafuta siku hiyo hiyo. Sauti yake ilikuwa imekoma zamani. Sikujua imekoma kwa sababu nimefika mbali au kwa sababu nyingine.

Nilifika getini kwa dakika hamsini. Dada wa tiketi alikuwa kibandani, simu sikioni, akaninyooshea kiganja.

"Subiri kidogo, shangazi."

"Sisubiri!" Nilipiga dirisha lake kwa mikono miwili mpaka kioo kikalia. "Mume wangu anakufa!"

Akaona uso wangu. Akatupa simu akakamata redio.

Waokoaji walikuja wanne, na machela, kamba na gari. Kiongozi wao alikuwa mama mmoja wa makamo, mkunga zamani, sasa anafunga mifupa ya watu wa milimani. Aliniambia nibaki nisafishwe shavu. Nikamwambia hawatakijua kile kibaraza bila mimi. Tukapanda kwa nyuma, gari likihema. Tangu nimwache zilikuwa zimepita saa mbili na nusu.

Koti langu lilikuwa limening'inia palepale kwenye usukani. Chini yake hapakuwa na mtu.

Nilipiga kelele nisizozijua. Mwokoaji mmoja aliyeshuka mbele na kamba akasema, "Yuko huku." Mwalimu alikuwa amejiburuta kwa viwiko mpaka mwisho wa kibaraza, hatua kama kumi na tano, juani, mahali ambapo kona za chini za Uzi zinaonekana. Mafundo niliyomfunga yalikuwa yamefumuka njiani. Mwamba ulikuwa na alama ya damu kutoka kwenye kivuli mpaka kwake.

"Nilikwambia usiondoke!" nilimfokea, nimepiga magoti, nimemshika kichwa. "Nilikwambia nini mimi? Kichwa kigumu kama nini! Nilikwambia nini?"

Midomo yake ilikuwa imepasuka. Sauti hakuwa nayo, aliimaliza yote kwa kuita. Akakamata mkono wa nguo yangu, na nikaona kidole gumba chake kina weusi wa mafuta. Nikainamisha sikio.

"Zako," alisema. "Zako ulizipaka?"

"Nini?"

"Breki zako. Mafuta. Ulizipaka na zako?"

"Hapana," nilisema. "Hapana. Zangu hazikuwa zinalia."

Akanitazama kama mtu anayerudia hesabu kuhakikisha. Kisha mkono wake ukaachia nguo yangu, akaanza kulia bila machozi, maana maji ya machozi hakuwa nayo. "Basi," alisema. "Basi, basi."

Yule mkunga wa zamani alikuwa ameshakata suruali. Alibonyeza unyayo, akabonyeza nyuma ya goti, akasubiri, akabonyeza tena. "Nani alimsogeza huyu?" aliuliza.

"Amejisogeza mwenyewe."

Alinivuta pembeni wakati wenzake wanafunga machela. Alisema paja lilikuwa limefungwa vizuri, aliyelifunga alijua kazi, na angetulia pale kivulini wangelinyoosha. Kwa kujiburuta, mfupa umekata mshipa, na chini ya goti hakuna damu inayofika. "Sijui alikuwa anakwenda wapi," alisema.

Mguu ulikatwa jioni ile ile, juu ya goti. Niliweka sahihi mimi.

Alizinduka kesho yake mchana. Wodi ilikuwa na vitanda sita, feni moja, na mgonjwa wa pili alikuwa anasikiliza mpira redioni. Mwalimu alinyanyua shuka, akatazama, akalirudisha taratibu. Nikasema yote kabla woga haujanirudia. Kichupa, kibaraza, Ijumaa.

"Hayo nilijua," alisema kwa mkwaruzo. "Gurudumu lilikuwa hapa, karibu na pua. Nilipoligusa wewe ulikuwa umeshaondoka. Nikasema huyu hafanyi kazi nusu, atakuwa amepaka zote mbili. Nikaita. Nawe ukazidi kushuka."

"Nilidhani ni maumivu."

"Nilitaka nikuone tu unapita kona."

Nilitaka kuishia hapo. Mtu mwingine angeishia hapo. Lakini nilikuwa nimeahidi.

"Mimi nilijua pale pale," nilisema. "Nilipokufungua helmeti. Nilisikia harufu, na nikaondoka bila kukwambia."

Redioni watu walishangilia bao. Mwalimu alitazama lile shuka lilivyolala bapa upande mmoja.

"Ungeniambia tu," alisema. "Ungesema, nimepaka zako, zangu sijapaka. Ningelala pale pale nikusubiri."

Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira ningejua la kumjibu.